Matangazo ya bia na soda yasiyosahaulika, na vikwazo vilivyoyazaa

Mwaka 1964 watafiti wawili wa Marekani, Ralph Allison na Kenneth Uhl, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo hakuna mtengenezaji wa bia anayeweza kulifurahia. Wanywaji 326 walipelekewa nyumbani chupa zisizo na lebo, wakaombwa wazionje na kuzipa alama. Kwa jumla walishindwa kutofautisha bia moja na nyingine, na hata bia ambayo mtu alikuwa ameitaja kuwa ndiyo yake ya siku zote haikung'ara kuliko nyingine. Bia hizo zilipoletwa tena zikiwa na lebo zake, alama zilipanda, na kila mtu akaona ubora wa pekee katika chupa aliyoizoea.

Kilichobadilika kati ya awamu ya kwanza na ya pili hakikuwa ndani ya chupa bali juu yake, na hicho kilicho juu yake ndicho ambacho watangazaji wamekuwa wakikijenga kwa zaidi ya karne moja. Ni kawaida kuyazungumzia matangazo ya vinywaji kama vichekesho: vyura watatu wanaogawana silabi za jina la bia, au watoto wachanga wanaocheza kwa viatu vya magurudumu kuitangaza chupa ya maji. Lakini kusema kwamba tangazo lilipendwa kwa sababu lilichekesha si kueleza kitu, kwa kuwa matangazo ya kuchekesha yametengenezwa kwa maelfu na mengi hakuna anayeyakumbuka. Ukizichunguza kampeni zilizodumu utaona kwamba nyingi zilianzia kwenye kikwazo cha kibiashara ambacho kampuni haikuweza kukikwepa, kama vile bei kubwa, umiminaji wa polepole, sheria inayokataza, au bidhaa isiyotofautiana na ya mshindani. Ubunifu ulifuata baadaye.

Kikwazo hicho cha mwisho ndicho kikongwe kuliko vyote. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya bia vya Marekani vilikuwa vikishindana kupaza neno moja, kwamba bia yao ni safi, hadi neno lenyewe likaishiwa nguvu. Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo aliyepewa kazi na kiwanda cha Schlitz cha Milwaukee, aliomba kwanza atembezwe kiwandani. Akaonyeshwa vyumba vya vioo ambamo bia ilipozwa katika hewa iliyochujwa, mabomba yaliyosafishwa mara mbili kwa siku, chupa zilizooshwa mara nne, na visima virefu vilivyochimbwa kutafuta maji safi ingawa ziwa lilikuwa jirani. Alipouliza kwa nini mambo hayo hayatangazwi, alijibiwa kwamba kila kiwanda kizuri hufanya vivyo hivyo. Hopkins akayatangaza hata hivyo, na kwa masimulizi yake mwenyewe Schlitz ilipanda katika miezi michache kutoka nafasi ya tano sokoni hadi kukaribia kulingana na ya kwanza. Masimulizi ya mtangazaji juu ya ushindi wake yapokewe kwa tahadhari, ila mantiki yake haina kasoro: jambo linalofanywa na wote lakini halijasemwa na yeyote huwa mali ya yule anayelisema kwanza, na mshindani anayelirudia baadaye huonekana mwigaji tu, hata kama alianza kulifanya kabla yake.

Guinness ilikabiliwa na tatizo la aina nyingine. Bia hii nyeusi ya Dublin, ambayo kiwanda chake kilianza mwaka 1759, haikuwa na kampeni kubwa ya matangazo hadi mwaka 1929, mauzo yalipokuwa yakishuka nchini Uingereza. Wakala wa matangazo wa S. H. Benson ulikuja na dai kwamba Guinness ni nzuri kwa afya yako, na kuanzia miaka ya 1930 mchoraji John Gilroy akalipamba kwa wanyama wa bustani wanaomwibia mlinzi wao bia yake, akiwamo ndege wa tukani aliyetokea mwaka 1935 na ambaye sura yake bado inauza vikombe na fulana. Dai la afya lisingeruhusiwa leo katika nchi nyingi. Ndege amedumu kuliko dai, na hilo lenyewe linafundisha: picha iliyoshikamana na jina huendelea kuishi hata hoja iliyoileta inapokufa.

Kikwazo kikubwa zaidi cha Guinness, hata hivyo, kilikuwa kwenye kaunta ya baa. Stauti hii humiminwa kwa awamu mbili, ikaachwa itulie povu lipande, kisha ikajaziwa, na muda ambao kampuni yenyewe huutaja kwa pinti iliyokamilika ni sekunde 119.5. Kwa mtu mwenye kiu aliyesimama katika baa iliyofurika, hizo ni dakika mbili za kushawishika kuagiza laga, bia ya rangi ya dhahabu ambayo hujaa glasi mara moja. Kampuni ingeweza kuficha ucheleweshaji huo, lakini katika miaka ya 1990 iliufanya kuwa ndiyo sifa yenyewe, kwa kaulimbiu yenye maana ileile ya methali ya subira huvuta heri. Tangazo la mwaka 1999 lililoongozwa na Jonathan Glazer linaonyesha mwanamume anayeingoja wimbi kubwa baharini, na wimbi linapofika farasi weupe wanachomoza kutoka kwenye povu lake. Bia haielezwi kwa neno lolote la ladha. Kinachoonyeshwa ni kungoja, na thawabu ya aliyengoja. Tangazo hilo limechaguliwa mara nyingi kuwa miongoni mwa bora kuliko yote yaliyowahi kurushwa, na nadhani sababu ni kwamba halikuazima uzuri wake kutoka nje ya bidhaa: weupe unaopanda juu ya weusi ndicho kitu anachokiona mnywaji glasi inapowekwa mbele yake.

Njia hiyohiyo ya kuugeuza udhaifu ilitumiwa na Stella Artois nchini Uingereza kuanzia mwaka 1982. Bia hiyo ya Ubelgiji ilikuwa kali kuliko laga nyingi za huko, ikatozwa kodi zaidi, hivyo bei yake ikawa juu. Wakala wa Frank Lowe haukuiombea radhi bei hiyo, bali uliandika kwamba Stella ni ghali kwa namna inayomtuliza mnunuzi. Kaulimbiu iliishi zaidi ya miaka ishirini, ikaanza kupoteza maana maduka makubwa yalipoigeuza bia hiyo kuwa bidhaa ya punguzo, kwa kuwa hakuna tangazo linaloweza kudai ughali juu ya rafu iliyoandikwa bei nafuu.

Mfano wa Miller Lite ni wa kuvutia zaidi kwa sababu bidhaa ya namna yake ilikuwa imekwisha kuanguka. Mwaka 1967 kampuni ya Rheingold ilileta bia yenye kalori chache iitwayo Gablinger's, ikaitangaza kama bia ya watu wanaopunguza uzito, na wanywaji wakaikimbia, kwani mwanamume wa Marekani wa wakati ule hakutaka kuonekana baa akihesabu kalori. Miller iliposambaza Lite nchi nzima mwaka 1975, iliwapa kazi ya kuitetea wanamichezo wakubwa kwa umbo na sifa, ambao walibishana kwenye televisheni kama bia hiyo ni bora kwa sababu ni tamu au kwa sababu haishibishi. Walikuwa wanamichezo wastaafu, maana kanuni za matangazo ya bia nchini humo zilikataza kuwatumia walio bado uwanjani. Hapo vikwazo viwili vilitatuliwa kwa mpigo: wastaafu walikuwa wacheshi na walifanana na wanywaji wenyewe kuliko kijana bingwa, na uchache wa kalori ukaelezwa upya kama nafasi ya kunywa glasi nyingine. Kwa upande wa biashara ilikuwa kazi ya hali ya juu. Kwa upande wa afya ya jamii ni vigumu kuisifu.

Vodka ya Absolut ilikuwa na shida ya mahali pa kusemea. Wazalishaji wa pombe kali wa Marekani walikuwa wamejiwekea marufuku ya kutangaza redioni tangu mwaka 1936 na kwenye televisheni tangu 1948, nayo ilidumu hadi 1996. Vodka hii ya Sweden ilipoingia Marekani mwaka 1979, ikiwa na chupa fupi iliyofanana na chupa za dawa za zamani na maandishi yaliyochapwa moja kwa moja kwenye kioo, ilibaki na kurasa za magazeti na majarida peke yake. Wakala wa TBWA uliugeuza ukurasa huo kuwa mchezo: umbo la chupa katikati, na chini yake maneno mawili, la kwanza likiwa jina la vodka. Mwaka 1981 chupa iliwekewa mduara wa nuru juu ya kichwa kama malaika, na baadaye umbo hilo likafichwa ndani ya bwawa la kuogelea, ramani ya mji na kazi za wasanii, Andy Warhol akiwa wa kwanza wao. Matangazo yaliyotolewa kwa mpangilio huo ulioganda yalizidi 1,500, na watu wakawa wanayakata majaridani na kuyakusanya. Kampeni yenye uhuru wa kutumia sauti na mwendo isingelazimika kulifanya umbo la chupa libebe kazi yote.

Chupa, rangi na maandishi ni akiba ambayo kampuni huiwekeza kwa miongo mingi. Pembetatu nyekundu ya bia ya Bass ilikuwa alama ya kwanza ya biashara kusajiliwa Uingereza, tarehe 1 Januari 1876, na miaka michache baadaye Édouard Manet aliichora kwenye chupa zilizopangwa juu ya kaunta katika mchoro wake maarufu wa mhudumu wa baa ya Paris. Coca-Cola nayo iliagiza mwaka 1915 chupa ambayo mtu angeitambua kwa kuipapasa gizani, au hata ikiwa imevunjika vipande. Akiba ya namna hii ndiyo inayoeleza kisa cha kampuni hiyo mwaka 1985, ambacho hakieleweki kwa hesabu za ladha.

Tangu mwaka 1975 Pepsi ilikuwa ikiwaonjesha wapita njia soda mbili zilizofichwa majina, wengi wakachagua Pepsi, na matokeo yakatangazwa kama kampeni. Coca-Cola ilifanya majaribio yake kwa watu wapatao 200,000, ikapata kanuni mpya ya kinywaji yenye utamu zaidi iliyoishinda Pepsi na pia ile ya zamani, na tarehe 23 Aprili 1985 ikaiweka mahali pa ile ya zamani. Kabla ya hapo simu za wateja zilikuwa takriban 400 kwa siku. Kufikia Juni zilikuwa 1,500, nyingi za hasira. Baada ya siku 79 kinywaji cha zamani kikarudi. Kosa halikuwa katika takwimu za uonjaji, ambazo zilikuwa sahihi kwa swali lililoulizwa. Mwonjaji hakuwa ameambiwa kwamba akikichagua kikombe hiki kile kingine kitaondolewa duniani, na kikombe kisicho na jina hakikuwa na lolote la yale ambayo matangazo ya karibu miaka mia moja yalikuwa yameyaweka juu yake.

Sehemu kubwa ya akiba hiyo iliwekwa na tangazo la mwaka 1971, lile la vijana wa mataifa mengi wanaoimba kilimani wakiwa na chupa mikononi. Chanzo chake kinajulikana. Bill Backer wa wakala wa McCann-Erickson alikuwa akisafiri kwenda London, ukungu ukailazimisha ndege kutua Shannon, Ireland, na abiria wakalala wakiwa na hasira. Asubuhi aliwaona baadhi yao wakicheka pamoja mbele ya chupa za Coca-Cola, naye akaandika wazo la kuinunulia dunia soda. Jambo linalosahaulika ni kwamba wimbo uliotokana na wazo hilo ulitangulia redioni na kushindwa, hadi baadhi ya wenye viwanda vya kujaza chupa wakakataa kuulipia. Uliposhikamana na nyuso za vijana kwenye kilima cha Italia ndipo barua zikaanza kumiminika. Wanaodhani kwamba kampeni nzuri hutambulika mara tu inapozaliwa wakikumbuke kisa hiki.

Zipo pia kampeni zinazokumbukwa kwa kile kilichovunjika. Nchini Ufilipino mwaka 1992 Pepsi ilichapa namba ndani ya vizibo vya chupa, na jioni ya tarehe 25 Mei ikatangaza kwamba namba 349 imeshinda peso 1,000,000. Kwa hitilafu, namba hiyo ilikuwa imechapwa kwenye vizibo vipatavyo 800,000. Kampuni ilitoa peso 500 kwa kila mwenye kizibo kama ishara ya nia njema, wengi wakakataa, malori yakachomwa moto, na watu wakapoteza maisha, wakiwamo mwalimu na mtoto waliouawa na guruneti lililolenga lori la Pepsi. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua mwaka 2006 kwamba kampuni haikuwa na wajibu wa kulipa zawadi. Kisa cha Marekani kilikuwa chepesi zaidi: tangazo la Pepsi lilionyesha ndege ya kivita ya Harrier kama zawadi ya mwenye kukusanya alama 7,000,000 za Pepsi, kijana mmoja akagundua kwamba alama ziliweza kununuliwa kwa senti kumi kila moja, akapeleka hundi ya takriban dola 700,000 na kudai ndege yake. Mwaka 1999 mahakama ya New York ilisema kwamba mtu mwenye akili timamu angeona huo ni mzaha. Mzaha wa tangazo na ahadi ya mkataba hukaa jirani mno, na wanasheria wa kampuni ndio hulipwa kuulinda mpaka huo.

Je, kukumbukwa ni sawa na kuuza? Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Mwishoni mwa mwaka 1999 Budweiser ilirusha matangazo ya marafiki wanaosalimiana kwenye simu kwa kuvuta sauti ndefu, salamu ikaenea hadi kwa watoto wa shule, na mwaka 2000 kampeni ikashinda tuzo kuu ya tamasha la matangazo la Cannes. Salamu hiyo, hata hivyo, iliweza kurudiwa siku nzima bila bia kutajwa, na kicheko kinachosafiri bila jina la aliyekilipia ni zawadi kwa umma kuliko mtaji kwa kampuni. Farasi wa wimbi na chupa ya Absolut havitenganishwi na bidhaa kwa urahisi hivyo.

Wala kampeni haiwezi kuificha bia iliyoharibika. Schlitz, ileile ya Hopkins, ilikuwa ya pili kwa ukubwa Marekani ilipoanza katika miaka ya 1970 kufupisha muda wa uchachushaji na kupunguza gharama za viambato. Wanywaji waligundua. Jibu la mwaka 1977 lilikuwa matangazo ya wanaume wababe wanaomkaripia mtu asiyeonekana kwa sababu amewashauri wabadilishe bia, na watazamaji waliona wanatishwa. Yaliondolewa baada ya muda mfupi, na mwaka 1982 kampuni ikanunuliwa na Stroh. Carlsberg ilijifunza kinyume chake. Tangu miaka ya 1970 ilikuwa ikijiita labda laga bora duniani, kwa sauti ya mwigizaji Orson Welles, na neno hilo la "labda" lilikuwa werevu wa kisheria na wa kibinadamu kwa pamoja, kwani lilidai ukubwa bila kulazimika kuuthibitisha. Mwaka 2019 nchini Uingereza ilitangaza kwamba labda si bora duniani, ikawasomesha wafanyakazi wake maneno makali ya wateja mbele ya kamera, kisha ikaleta bia iliyotengenezwa upya. Ungamo hilo lilikuwa na uzito kwa sababu bia yenyewe ilikuwa imebadilishwa kabla ya tangazo.

Kikwazo kinachotengeneza matangazo ya leo kuliko vyote ni sheria. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuzuia matangazo ya pombe miongoni mwa hatua zenye manufaa makubwa kwa gharama ndogo, na Ufaransa ina sheria ya Évin ya mwaka 1991, inayokataza matangazo hayo kwenye televisheni na sinema pamoja na udhamini wa michezo. Kwa hiyo Carlsberg, mdhamini wa mashindano ya soka ya Ulaya ya mwaka 2016 yaliyofanyika huko, haikuweka jina lake pembeni mwa uwanja. Iliweka lile "labda" lake, kwa mwandiko na rangi zake. Guinness, mdhamini wa raga ya Mataifa Sita, imetumia mbinu hiyohiyo katika viwanja vya Ufaransa kwa kuweka neno la Kiingereza lenye maana ya ukuu, lenye herufi zinazofanana na jina lake. Walioandika sheria walizuia majina, na akiba ya miongo mingi ikasema badala ya majina.

Kampuni ya bia ya Bavaria ya Uholanzi ilifanya hivyo bila hata kuwa mdhamini. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2010 wanawake 36 waliovaa magauni ya rangi ya chungwa waliondolewa uwanjani Johannesburg wakati Uholanzi ikicheza na Denmark. Magauni hayakuonyesha nembo kubwa, lakini yalikuwa yameuzwa pamoja na bia ya kampuni hiyo, ilhali haki ya kutangaza bia ilikuwa ya Budweiser. Wawili walikamatwa, mashtaka yakafutwa baadaye, na habari ikazunguka dunia kwa upana ambao gauni lenyewe lisingeufikia. Budweiser ilionja upande wa pili mwaka 2022, Qatar ilipozuia bia yenye pombe kuuzwa kuzunguka viwanja siku mbili tu kabla ya mashindano kuanza; kampuni ikatangaza kwamba shehena iliyobaki itakwenda kwa nchi itakayotwaa kombe.

Njia inayopanuka kwa kasi sasa ni bia isiyo na pombe inayobeba jina, rangi na nembo za ile yenye pombe, na kutangazwa pale ambapo ndugu yake haruhusiwi. Nchini India, ambako matangazo ya pombe yamezuiwa kwenye televisheni, jina la bia ya Kingfisher limeonekana kwa miaka mingi kwenye maji ya chupa, na kati ya mwaka 2005 na 2012 hata kwenye ndege za abiria. Watetezi husema kwamba maji ni maji na bia isiyo na kilevi inawapunguzia watu ulevi, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Norway haikuikubali: sheria yake ya pombe inakataza pia kutangaza bidhaa nyingine yoyote yenye alama ileile ya biashara na kinywaji chenye kilevi, hivyo bango moja, lenye jina lilelile na sifuri ndogo pembeni, ni tangazo halali la kinywaji baridi katika nchi nyingine nyingi na ni kosa la kisheria huko.